Kava si siti

Mdogo wangu anaendesha bodaboda hapa Tanga. Jioni moja ya vuli aliingia nyumbani, Ngamiani, suruali imemlowa nyuma, na mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Mama alimtazama, akatoka nje, akaiminya siti ya pikipiki kwa viganja viwili kama anayekamua tui. Maji meusi yakachuruzika kwenye mshono wa pembeni, yakadondokea ekzosi.

Kwa macho, siti hiyo ilikuwa mpya. Miezi mitatu nyuma alikuwa amemlipa fundi wa barabarani amvalishie kava jipya, jekundu na jeusi, lenye mishono myeupe ya mraba mraba, na kijiwe kizima kililisifia. Hakuna aliyeuliza chini yake kuna nini. Fundi alikuwa amelivuta kava juu ya sponji ileile iliyonyweshwa na masika, akapiga pini, akapokea hela yake. Sponji ilizikwa na maji yake ndani.

Nimeandika makala haya kwa sababu kosa hilo naliona kila kijiwe. Tunalipia kava, ilhali tunachokalia ni sponji. Dereva anayetoka alfajiri na kurudi usiku hubebwa na sponji hiyo siku nzima, na ikifa, uzito wake wote huishia kwenye plastiki ngumu. Mgongo unaomuuma jioni anadhani ni wa mashimo ya barabarani tu.

Tena biashara yenyewe ya bodaboda ilianzia kwenye mto wa kukalia. Miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu baina ya vituo viwili vya mpaka, na jina la kazi yao likatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Baiskeli zao zilikuwa zilezile nyeusi za kubebea mizigo. Kilichozigeuza kuwa chombo cha abiria ni mto ulioshonwa na kufungwa juu ya keria. Sisi wa Tanga, mji uliozoea baiskeli, tunaijua keria iliyofungwa mto na tofauti anayoisikia abiria. Kwa hiyo siti si pambo la pikipiki ya biashara. Ndiyo biashara.

Tukakubaliana kwamba safari hii tutaifanya kazi wenyewe, uani. Tatizo la kwanza halikuwa la ufundi. Pikipiki ya mdogo wangu ni ya mkataba, na hesabu ya tajiri haisubiri sponji ikauke. Fundi pikipiki wa jirani alituokoa kwa kutuazima siti kuukuu ya pikipiki ya aina ileile, na mdogo wangu akaendelea na kazi wakati sisi tukishughulika na yake. Ukitaka kuifanya kazi hii vizuri, anza kwa kutafuta siti ya kuazima. Wengi hukosea kwa sababu ya haraka ya kurudi barabarani siku hiyohiyo.

Kuitoa siti hakuna shida. Ya mdogo wangu hushikwa na bolti mbili zilizojificha nyuma ya vifuniko vya pembeni. Ukizifungua unaivuta nyuma, na ulimi wake wa mbele unachomoka chini ya tangi. Nyingine hufunguliwa kwa ufunguo. Pikipiki za magurudumu manne, zile zinazowatembeza watalii kwenye vumbi la kaskazini mwa Unguja, ni rahisi zaidi, kwani nyingi zina kishikizo kidogo nyuma, chini ya siti, unakivuta na siti nzima inanyanyuka bila spana. Vyombo hivyo viliundwa kwa ajili ya matope na nyika. Honda ilitoa chake cha kwanza mwaka 1970 kikiwa na magurudumu matatu manene, na Suzuki ikaleta cha magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siti zake ni pana, lakini ukiipindua moja utakuta mambo yaleyale: kitako cha plastiki, sponji, kava na pini. Mwenye chombo hicho aendelee kusoma, maana kazi ni moja.

Tulipoipindua siti yetu tulikuta pini zimepigwa juu ya pini, za kiwandani na za mafundi waliofuata, nyingi zimeliwa na kutu. Hewa ya bahari haina huruma na pini ya kawaida. Unapenyeza bisibisi bapa chini ya pini, unainyanyua mguu mmoja, kisha unaimalizia kwa plaizi. Vaa miwani, kwa sababu pini iliyobanwa huruka. Uani kwetu watoto wanatembea peku, basi tulizikusanya zote kwa sumaku tuliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, na hata hivyo Mama alifagia mara mbili.

Kishawishi kikubwa katika hatua hii ni kuchukua wembe na kulichana kava la zamani litoke upesi. Usifanye hivyo. Kava la zamani, hata likiwa limepasuka, ndicho kiolezo chako, na bila hilo utakata reksini kwa kubahatisha. La mdogo wangu tulilitoa zima.

Ndipo tukaiona sponji. Juu, pale anapokaa dereva, ilikuwa imebonyea na kubaki hivyo. Pembeni ilikuwa na ukungu mweusi. Ukiikwangua kwa kucha inamomonyoka kama andazi la juzi.

Sponji hii ni poliurethani. Otto Bayer na wenzake ndio walioanzisha kemia yake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Ukiikata na kuiangalia karibu ni vyumba vidogo vidogo vya hewa vilivyofunguliana, na hapo ndipo yalipo matumizi yake na udhaifu wake. Ukikaa, hewa inatoka, ukiinuka, inarudi. Maji yakipata mlango hupita njia ileile, na kila unapokaa na kuinuka unayasukuma na kuyavuta ndani zaidi. Tundu la ncha ya kalamu linatosha kuilowesha siti nzima.

Na mlango huo hufunguliwa na jua. Reksini si ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon, akiwa Akron, Ohio, akitafuta kitu cha kugandisha mpira kwenye chuma, aligundua kwamba plastiki hii ngumu inaweza kulainishwa kwa kuchanganywa na kemikali zinazofanana na mafuta. Ulaini wa siti yako unatokana na kemikali hizo. Jua la saa sita likiipiga siti nyeusi kila siku, zinatoka kidogo kidogo, na reksini inaanza kurudi kwenye asili yake ya bomba: inakakamaa, inasinyaa, inapasuka, hasa kwenye mikunjo na mishono. Kwa hiyo kipande cha kanga au gunia juu ya siti wakati pikipiki imeegeshwa si ushamba. Kinarefusha maisha ya kava kuliko mafuta ya kung'arisha yanayouzwa barabarani.

Sponji tuliikamua, tukaisuuza kwa maji ya sabuni, tukaikamua tena, tukaianika siku tatu. Tuliianika kivulini penye upepo, si juani, kwa kuwa jua kali huigeuza poliurethani rangi ya njano na kuifanya ivunjike. Usiku wa pili ilionekana kavu. Mama aliifunika kwa karatasi ya gazeti, akaweka jiwe la kusagia juu yake, na asubuhi gazeti lilikuwa na unyevu. Ikabaki siku nyingine. Jaribio hilo la gazeti nitalitumia maisha yangu yote.

Baada ya kukauka, sponji unaihukumu kwa kidole gumba. Bonyeza kwa nguvu, achia. Ikirudi mara moja, nzima. Ikirudi polepole au ikibaki na shimo, imekufa, na iliyokufa haifufuliwi kwa kuwekewa kipande laini juu. Huko ndiko wengi wanakopotea. Wananunua sponji nyepesi ya mto wa kochi, wanaitandaza juu ya ile mbovu, na kwa wiki mbili siti ni tamu kama kitanda. Wiki ya tatu iko palepale. Sponji huuzwa kwa uzito wake, yaani kilo ngapi katika mita moja ya ujazo, na nyepesi haiwezi kazi ya mtu anayekaa kutwa huku injini ikimtikisa. Nenda kwa wauza magodoro uulize vipande vilivyobaki vya sponji nzito kuliko zote walizonazo. Iliyo bora kwa kazi hii, tena ya bei nafuu, ni ile ya madoadoa iliyotengenezwa kwa vipande vilivyosagwa na kugandishwa. Haina sura, lakini ni ngumu na inarudi.

Tulikata eneo lililokufa kwa kisu kirefu cha mkate, tukashusha mpaka tukakutana na sponji iliyo hai, kisha tukachonga kipande cha madoadoa kikaingia humo kama kiraka cha mtumbwi. Gundi ni ileile ya mafundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa isikunase kidole, ndipo unakutanisha, na ukishakutanisha huna nafasi ya pili. Fanya nje, mbali na jiko, maana mvuke wake unawaka na unaumiza kichwa. Jambo moja hatukulijua tukalijua kwa kulikosea: gundi ikikauka ni ngumu, na ikifika juu kabisa kwenye ukingo wa kiraka unaisikia ukikaa, kama kamba iliyolala chini ya shuka. Tulilazimika kubandua na kurudia, tukiiacha sentimita moja ya juu bila gundi. Mwisho tulilainisha umbo kwa msasa mkali uliozungushiwa kibao, tukisugua kwa mkono mwepesi. Sponji inachongeka kwa msasa vizuri kuliko nilivyodhani.

Hapo mdogo wangu alitaka tuongeze kimo, kwa kuwa vijana wengine wamenyanyua siti zao na zinapendeza. Nilikataa na bado nakataa. Dereva anayesimama kwenye foleni na abiria nyuma anahitaji nyayo zake zote mbili chini, si ncha za vidole.

Sasa reksini. Usinunue kwa rangi. Igeuze uangalie mgongo wake. Yenye kitambaa cha kufumwa kama fulana huvutika na kukubali kona za siti; yenye karatasi au pamba iliyobandikwa tu itachanika kwenye pini. Ivute kwa urefu na kwa upana uone inavutika upande gani, na upande huo uulaze kukatisha siti, kushoto kwenda kulia. Upana wa kawaida wa roli ni inchi 54, kwa hiyo mita moja inatosha siti ya pikipiki na vipande vinabaki.

Kava la zamani lina vipande vinne: juu mbele, juu nyuma na mbavu mbili. Kabla ya kufumua mshono hata mmoja, Mama alichora kwa chaki mistari mifupi ikikatisha mishono yote, kila baada ya vidole vitatu, akaiandika namba. Ni kazi ya robo saa, lakini bila hiyo, ubavu uliopinda ukiusogeza kidogo tu, kava zima linakaa kombo. Ndipo tukafumua, tukavibana vipande chini ya godoro usiku kucha vinyooke, tukavichora kwenye karatasi ya kaki. Tuliacha sentimita moja kuzunguka kwa ajili ya mshono, na upande wa chini, ule wa kukunjia ndani, tukaongeza sentimita nne ili vidole vipate pa kushika wakati wa kuvuta.

Cherehani ya Mama ni ya miguu, ya kushonea magauni, na nilidhani itashindwa. Haikushindwa, ila ina masharti yake. Sindano iwe namba 16 au 18. Uzi uwe wa poliesta, si wa pamba, kwa sababu pamba ikilowa na kukauka mara nyingi inaoza. Mshono uwe mrefu, milimita nne hivi. Sharti hili la mwisho ndilo mafundi wengi wa haraka wanalivunja wakidhani mshono wa karibu karibu ndio imara. Kwenye kitambaa ni kweli. Kwenye reksini kila sindano inayopita inaacha tundu lisiloziba, na matundu yakikaribiana unakuwa umeitoboa kama stempu za posta, inasubiri kuchanwa. Kwa sababu hiyohiyo Mama hakutumia pini za fundi cherehani kushikizia. Alitumia vibanio vya kuanikia nguo.

Mguu wa cherehani ulinata kwenye reksini. Alipaka poda ya mtoto kidogo, ukateleza. Penye tabaka nne, gurudumu alilizungusha kwa mkono, tundu baada ya tundu. Ile mishono myeupe ya mraba mraba tuliiacha. Mdogo wangu alisikitika kidogo, maana kijiweni inapendwa, lakini kila mstari wa urembo juu ya siti ni safu ya matundu pale ambapo mvua inatua na makalio yanakandamiza. Mwenye kuutaka urembo auweke mbavuni. Mishono ya lazima tuliipaka gundi kwa ndani, tukaibandika utepe mwembamba wa reksini juu yake.

Juu ya sponji tulitandaza nailoni nyepesi kabla ya kava. Mafundi wanabishana kuhusu nailoni, wengine wakisema inafungia joto na maji. Mimi nasema iwekwe juu na mbavuni tu, chini iachwe wazi, na matundu madogo ya kitako yasizibwe kamwe. Yamewekwa ili maji yaliyoingia yapate pa kutokea, na katika siti yetu tuliyakuta yamezibwa kwa gundi.

Kuvalisha tuliacha hadi saa tano asubuhi kwa makusudi. Tuliliweka kava juani dakika kumi na tano, likalainika, tukalivalisha likiwa na joto. Pini ya kwanza mbele katikati, ya pili nyuma katikati ukiwa umevuta, kisha katikati ya ubavu wa kulia, na ya nne upande wake wa pili. Kutoka hapo unakwenda kwenye kona kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa zamu. Mkunjo ukitokea, usiuvute palepale. Karibu kila mara tulikuta umetoka upande wa pili ambako kava lilikuwa limelegea, na tulipong'oa pini tatu za huko na kuvuta upya, mkunjo ukaondoka wenyewe. Kwenye kona, reksini inayozidi unaikata pembe tatu ndogo ndogo ilale bila kurundikana.

Stapla ya ofisini haifai. Inahitajika ile ya mafundi makochi, ya kufyatua, nayo tuliazima. Pini ziwe fupi, milimita sita, kwa kuwa kitako ni chembamba na pini ndefu itatokea upande wa pili ikuchomee sponji na kava. Hapa pwani tafuta pini zisizoshika kutu, hata kama utazunguka maduka matatu. Zetu za kwanza hazikuzama kwenye plastiki mpaka mdogo wangu alipoiegemea stapla kwa uzito wake wote, na chache tulizimalizia kwa nyundo ndogo. Usisahau kurudisha zile raba za chini ya kitako. Bila hizo siti inagonga fremu na bolti zinalegea.

Fedha yote tuliyotumia haikufika nusu ya bei ya siti mpya. Lakini sisi tulikuwa na Mama na cherehani yake, na si kila nyumba ina vyote viwili. Anayekwenda kwa fundi aende, kazi hii ni ya heshima na wapo wanaoijua vizuri sana. Ila asimwachie siti na kuondoka. Asimame hapo kava likivuliwa, aibonyeze sponji mwenyewe, na kama ina maji akubali kuiacha ikauke siku tatu, na amlipe fundi kwa kusubiri huko. Fundi anayeharakishwa na mteja atapiga pini juu ya maji.

Siti ya mdogo wangu imeshapita masika moja, Machi hadi Mei, nyeusi tupu, bila urembo. Mwezi Juni tuliifungua kona moja ya nyuma na kuingiza gazeti la Mama. Lilitoka kavu.

Wewe mwenye pikipiki, baada ya mvua ijayo subiri kwa muda wa saa sita, kisha weka kitambaa cheupe juu ya mshono wa siti yako na uukandamize kwa goti. Kikilowa, ifungue siti hiyo wiki hiyohiyo.